Kanuni Mbili, Uwanja Mmoja

Mchezaji akikanyaga mstari au akimsukuma mwenzake, uwanja mzima huona. Lakini lipo jambo katika mpira wa kikapu ambalo watazamaji wengi hawaliangalii, ingawa laweza kuamua mshindi: wakati halali wa mchezaji wa akiba kuingia uwanjani. Juu ya jambo hilo, vitabu vinavyosomwa na watu wetu havisemi mamoja. Mwamuzi asiyejua afuate kipi ni sawa na nahodha mwenye dira mbili.

Tuchukue mfano. Zimebaki sekunde chache. Timu iliyo nyuma kwa pointi moja imepewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza umeingia, hesabu ni sawa. Hapo mchezaji mrefu wa timu pinzani anakimbilia meza ya karani. Ataka kuingia ili aunyakue mpira endapo mtupo wa pili utagonga chuma na kurudi. Je, aruhusiwe?

Kanuni za shule za sekondari za Marekani zasema ndiyo: mchezaji wa akiba aweza kuingia kabla ya mtupo wa mwisho. Kanuni za shirikisho la kimataifa, FIBA, lililoundwa Geneva mwaka 1932, zasema la. Isipokuwa kwa dharura kama kuumia, nafasi ya kubadilisha hufungwa mpira unapokabidhiwa mtupaji kwa mtupo wa kwanza. Hufunguliwa tena iwapo mtupo wa mwisho utaingia. Usipoingia, mchezo huendelea, na yule mrefu hana budi kungoja.

Wala mgongano si baina ya vitabu vya ng'ambo tu. Upo pia baina ya toleo la zamani na la sasa. Zamani, baada ya makosa yasiyo rafu, FIBA iliipa timu iliyopata mpira peke yake haki ya kuanza kubadilisha. Leo haki hiyo ni ya timu zote mbili. Mwalimu aliyejifunza kabla ya mwaka 2000, mchezo ulipokuwa vipindi viwili vya dakika 20 badala ya robo nne za dakika 10, aweza kushikilia aliyofundishwa kwa nia njema kabisa. Kijana aliyejisomea kanuni za Kimarekani katika simu yake naye hushikilia yake. Wote wasema kweli, lakini kila mmoja kwa kitabu chake.

Rai yetu ni hii. Swali la kwanza la mwamuzi lisiwe "kanuni ipi ni nzuri zaidi?" bali "mchezo huu unaongozwa na kitabu gani?" Tanzania, kupitia shirikisho letu la TBF, ni mwanachama wa FIBA. Kwa hiyo kauli ya mwisho ni ya kitabu cha FIBA, toleo linalotumika sasa. Wenye mashindano wakitaka kulegeza kifungu kwa ajili ya watoto, watangaze kabla mpira haujarushwa, timu zote zisikie. Mwamuzi ni mlinzi wa kanuni. Hakupewa filimbi ili atunge nyingine.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Sisi hatukubaliani nao. Kijana wa Korogwe au Pangani asipoteze nafasi ya kuuwakilisha mkoa katika UMISSETA kwa sababu waamuzi wawili wamesoma vitabu viwili. Haki isiyotabirika humvunja moyo mtoto kuliko kushindwa kwenyewe.

Maafisa michezo wa wilaya hawana budi kuwakutanisha waamuzi, makarani wa meza na walimu wa timu kabla ya mashindano, wasome kifungu cha ubadilishaji pamoja, kwa Kiswahili, na kwa mifano. Tanga yetu husifiwa kuwa mji wa waja leo waondoka leo. Wageni na wafanye hivyo wapendavyo, lakini kanuni zisiwe hivyo.