Kina Barzilai wa Mlimani

Katika sharika za Kilutheri za Uchaggani, habari za mzee hujulikana kwanza kwa bahasha yake. Kila Mkristo mtu mzima ana bahasha yenye namba, na sadaka ya ahadi anayotoa huandikwa daftarini. Bahasha isipoonekana kwa wiki kadhaa, mzee wa kanisa wa eneo lile hupita migombani hadi nyumbani kwa mwenye namba kuuliza kulikoni. Ndiyo maana bibi ambaye magoti yamemkatalia kupanda mlima bado humtuma mjukuu Jumapili asubuhi na bahasha yake, ndani mna sarafu ya mia tano, na humsisitiza asiidondoshe mferejini.

Nimewasikia vijana waliokuja likizo wakilalamika kwamba kanisa linamnyonya bibi yao. Sikubaliani nao. Bibi yule anajua mia tano yake haiezeki paa. Anachokataa ni kuhesabiwa kama mtu wa kupewa tu: kupewa sukari, kupewa khanga za Krismasi, kupewa pole. Alibatizwa, akapata kipaimara, akawa mshirika, na mshirika hutoa. Nimewatazama wazee wa mlimani kwa muda mrefu, na kila mara naona jambo hilohilo: imani yao hubaki hai kwa kadiri wanavyoachiwa sehemu yao ya kazi. Ukiwaondolea kazi hata kwa upendo, unawapunguza.

Ukristo wa Kilutheri uliletwa huku na Misheni ya Leipzig, ambayo wamisionari wake walianza kazi Machame mwaka 1893, kisha wakaenda Mamba, Old Moshi na kwingineko. Miongoni mwa waliofuata alikuwa Bruno Gutmann, aliyekaa Kidia, Old Moshi, kwa miaka mingi hadi 1938. Gutmann aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe amewapa watu, na kwamba usharika ujengwe juu yake badala ya kuvibomoa. Watoto wa kipaimara aliwapanga katika vikundi vidogo vya kulindana na kuonyana, akaviita kwa jina la ngao. Mtu anaweza kumlaumu kwa mengi, kwani alikuwa na mashaka makubwa na shule na mji, navyo ndivyo Wachagga walivyovitamani. Lakini katika hili la rika aliona vizuri. Hata leo wazee waliopiga magoti pamoja siku ya kipaimara hutambuana kwa siku hiyo, na mmoja akilazwa, wenzake waliobaki huwa wa kwanza kuuliza wodi gani.

Wamisionari Wajerumani walipofukuzwa baada ya Vita vya Kwanza, walimu wenyeji ndio walioshika sharika. Walizika, wakafundisha katekisimu. Baadhi ya wazee wa leo ni watoto na wajukuu wa walimu hao. Mwaka 1963 makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), mkuu wake wa kwanza alikuwa Stefano Moshi, mtoto wa mlima huu. Basi mzee wa miaka 80 anaposema "kanisa letu", hazungumzii kitu alicholetewa. Jengo lile la mawe, baba yake alibeba mawe yake begani kutoka mtoni.

Siku za wazee, wahubiri hupenda kumtaja Kalebu, aliyekuwa na miaka 85 na bado akaomba apewe nchi ya milima aiteke. Ni mahubiri mazuri, na wazee huitikia amina kwa nguvu. Mimi lakini nadhani mtu wao hasa ni Barzilai Mgileadi, katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Barzilai alimlisha Mfalme Daudi alipokuwa akimkimbia Absalomu. Vita vilipokwisha, Daudi akamkaribisha Yerusalemu akaishi naye na kutunzwa. Yule mzee wa miaka 80 akakataa kwa adabu. Akasema hasikii tena utamu wa chakula wala sauti za waimbaji, angekuwa mzigo tu kwa mfalme. Afadhali afie mjini kwake, karibu na kaburi la baba na mama yake. Akamtoa mtu wake, Kimhamu, aende badala yake.

Mazungumzo hayo hufanyika kila Desemba katika nyumba za Uchaggani. Mwana kaja kutoka Dar es Salaam na gari, ana chumba cha wageni chenye choo ndani, na hospitali haiko mbali na kwake. "Baba, twende tukae wote." Baba anashukuru, anauliza habari za joto la huko, halafu anasema hapana. Yupo kwenye kihamba. Pale pana migomba aliyoikuta na kahawa aliyoipanda, na chini ya migomba wamelala wazazi wake. Kihamba ni ardhi ya ukoo, mtu hupokea na hukabidhi. Hakuna anayeondoka akakiacha kitupu kirahisi. Watoto wengi huona ukaidi. Ningewaomba wasome ile sura ya kumi na tisa ya Samweli wa Pili, waone kwamba Daudi hakumlazimisha. Alimbusu, akambariki, akamruhusu arudi mahali pake.

Kwa desturi za huku, kitinda mimba wa kiume hubaki katika nyumba ya wazazi na kuirithi, na utunzaji wa wazazi humwangukia yeye na mkewe. Mpango huo ulikuwa na busara yake wakati kahawa ililipa. KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933, kilikuwa na jina kubwa, na mtu aliweza kubaki nyumbani asionekane ameshindwa maisha. Leo kitinda mimba naye yuko mjini. Nyumbani kuna binti wa kazi, simu inayolia muamala ukiingia, na mzee anayekula peke yake. Fedha zinazotumwa ni heshima na zinasaidia sana, nisieleweke kuzibeza. Ila mtori hauna ladha kwa mtu asiye na wa kula naye, na sala ya jioni iliyozoea sauti sita haikai vizuri kwa sauti moja.

Hapo ndipo jumuiya inapoingia, yaani zile nyumba chache za jirani zinazokusanyika kwa zamu kusali. Kwa mzee asiyefika kanisani, zamu ya nyumbani kwake ni siku kubwa. Viti huazimwa, ua hufagiliwa tangu jana yake, kitambaa cheupe hutandikwa mezani. Na mchungaji anapokuja na Chakula cha Bwana kwa wagonjwa na wazee, majirani huingia hata wasiotarajiwa. Wazee wengi hawaoni tena maandishi ya *Tumwabudu Mungu Wetu*, kile kitabu cha nyimbo za kanisa, lakini hawayahitaji. Mwenye kusahau jina la mkwewe anaimba beti zote nne bila kukosea, na wengine huendelea kwa Kichagga pale ambapo vijana wanajua Kiswahili tu.

Kuna desturi moja ambayo wageni huishangaa, nami ndiyo huipenda kuliko zote: ndoa za wazee. Zamani, na hata sasa, watu wengi walianza maisha kwa taratibu za kimila. Mahari ilitolewa kidogo kidogo, mbege ikanywewa, watoto wakazaliwa, na ndoa ya kanisani ikaahirishwa mwaka hadi mwaka kwa sababu ya gharama, au kwa ubishi wa koo mbili, au kwa sababu mume hakuona haraka. Kwa utaratibu wa kanisa watu hao hawaruhusiwi kukaribia meza ya Bwana. Mwanamke anaweza kukaa miaka 40 akiimba kwaya ya wanawake, akitoa sadaka, akifagia kanisa, na kila Chakula cha Bwana kinapotolewa hubaki kwenye benchi na kusogeza magoti ili wengine wapite.

Halafu siku moja, wajukuu wakiwa sekondari, mzee anasema basi. Wakati mwingine ni ugonjwa umemgutusha. Wakati mwingine ni binti yao anayetaka kuolewa na anaona haya kutangulia mama yake madhabahuni. Wanakwenda kwa mchungaji, wanaandikishwa, matangazo yanasomwa Jumapili tatu kama ya vijana, na pengine usharika huwabariki wazee kadhaa kwa ibada moja. Bibi harusi ana miaka 70, amevaa gauni jipya na viatu vya chini kwa ajili ya miguu. Wasimamizi ni wajukuu. Mchungaji anauliza maswali yaleyale, na mzee anajibu kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa sababu masikio yake hayasikii vizuri. Kisha wanapiga magoti mezani pa Bwana, wote wawili.

Nimesikia watu wakidai kwamba mambo haya ni ya kujihakikishia maziko ya kanisani. Kwa wengine huenda sababu hiyo imo, na hata ikiwa ndiyo, mtu kutaka kuzikwa na ndugu zake katika imani si nia ya kuchekwa. Lakini mtazame yule mama anaporudi kitini. Miaka yote hiyo aliamini bila kupewa. Mimi huona pia jambo ambalo kanisa lingepaswa kujiuliza: kama adhabu ile ilikuwa ya haki kwake, yeye ambaye hakuwa na sauti ya kuamua ndoa ibarikiwe lini. Mume alichelewesha, mke akakaa benchi. Wachungaji wenye huruma wanalijua hilo na huzitembelea nyumba kama hizo mapema. Natamani wawe wengi zaidi.

Ushirika wa meza unadai pia mapatano, na uzeeni ndipo magomvi ya zamani hudai kumalizwa. Mengi ni ya mpaka. Mpaka wa kihamba huoneshwa kwa masale, ile mimea yenye majani marefu inayoota bila kudai matunzo, na ndugu wawili wanaweza kununiana miaka 20 kwa isale lililosogezwa hatua mbili. Lakini isale hilohilo ndilo jani la kuombea msamaha. Mkosaji hulifunga fundo akalipeleka, au hulituma kwa mtu wa heshima, na kwa mila ya Kichagga ni vigumu mno kumkatalia aliyekuja na isale. Wamisionari wa mwanzo walikuwa wakali kwa mila nyingi, lakini hii haikufa, na sioni Mkristo gani angetaka ife. Mzee anayejua mchungaji atamletea Chakula cha Bwana Alhamisi, Jumanne atamtuma mtu kwa ndugu yake na jani. Asipojibiwa, hutuma tena.

Baada ya ibada ya Jumapili kuna mnada. Waumini huleta walichonacho: mkungu wa ndizi, mayai, maziwa, kuku aliyefungwa miguu. Vitu hunadiwa nje ya kanisa na fedha huingia kwenye sadaka. Mzee aliyeleta mkungu husimama pembeni akisikiliza bei inavyopanda. Mara nyingi kijana aliyefanikiwa hununua mkungu wa bibi kwa bei ya juu, kisha humrudishia akale nyumbani. Bibi ametoa, sadaka imeongezeka, na chakula amerudi nacho, bila mtu yeyote kutamka neno msaada. Sijaona mradi wa kusaidia wazee uliobuniwa ofisini ukawa na heshima kama hiyo.

Ugonjwa ni mlango mwingine wa imani, na una mitego. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee, lakini dawa ya presha au sukari ikikosekana dirishani mzee huandikiwa akanunue. Katika upungufu huo ahadi za miujiza hupata wateja. Mwaka 2011 umati wa watu ulikwenda Samunge, Loliondo, kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa. Siwacheki waliokwenda. Uchovu wa maumivu ya kila siku naujua. Ila kumwombea mgonjwa na kumkumbusha kumeza kidonge ni huduma zinazokwenda pamoja, na mwinjilisti anayeuliza yote mawili anapotembelea wazee anafanya kazi nzuri.

Na wazee wenyewe wanaomba. Mama asiyelala usiku kwa maumivu ya mgongo huwa na orodha kichwani: watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, wajukuu kwa shule zao, mchungaji, kijana wa jirani aliyeanza kunywa pombe kali, rais. Luka anamtaja Ana, mjane wa miaka 84 ambaye hakuondoka hekaluni, naye alipomwona mtoto Yesu akaanza kuwaambia watu. Ana hakuwa hekaluni kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Zamu ile ilikuwa yake, na alikuwa mahali pake mtoto alipoletwa.

Hofu yangu ni moja, nayo inahusu majengo. Sharika nyingi zinajenga makanisa makubwa kandokando ya barabara ya lami, yenye vipaza sauti vya nguvu na maegesho. Yanapendeza, na vijana wanayapenda. Lakini mlima ni ule ule, na kwa mtu wa miaka 80 kushuka barabarani si shida kama kurudi. Mitaa midogo ya juu, yenye kanisa la mbao na mwinjilisti mmoja, huonekana ni gharama isiyolipa, na mabaraza yanakaa kujadili kuiunganisha. Kabla ya kupiga kura, wajumbe wapande hadi huko siku ya Jumapili wakahesabu fimbo zilizoegeshwa ukutani mwa kanisa, kisha wawaulize wenye fimbo hizo watasali wapi mvua za Aprili zikianza.