Sura ya 6: Dola Iliyozidi

Ipo imani kwamba kosa la sintaksia katika PHP linatibiwa kwa kufuta XAMPP na kuiweka upya. Hata ikiwekwa upya mara kumi, faili lililokosewa linabaki vilevile. Wengine wanalaumu kirusi. Ushirikina mtupu.

Makosa ya vibadilika vya klasi yanayosumbua zaidi ni matatu. La kwanza ni kuandika `$makao = 'Kibaha';` moja kwa moja ndani ya klasi. PHP inaligomea faili zima, ikidai ilitarajia kukuta `function` au `const`. Kinachokosekana mbele ya dola ni `public`, `protected` au `private`, yaliyoletwa na PHP 5 mwaka 2004. Kabla ya hapo lilikuwepo `var`, nalo bado linakubalika. Namba ya mstari inayotajwa nayo isiaminiwe kama msahafu: nuktamkato ikisahaulika mstari wa 7, lawama inaweza kuangukia wa 8.

La pili ndilo lenye utamu. Klasi `Mkoa` ina `public $makao = 'Kibaha';`, maana ndiko yaliko makao makuu ya Pwani. Ndani ya metodi, mtu anaandika `$this->$makao` badala ya `$this->makao`. Wanaofundisha haraka huliita kosa la sintaksia. Silo! Kwa PHP hiyo ni sentensi halali kabisa: inatafuta kibadilika cha kawaida `$makao`, kisha thamani yake inaifanya jina la kibadilika cha klasi. Kisipokuwepo, PHP 8 inatoa maonyo na kurudisha `null`.

Balaa ni kinapokuwepo. Metodi `hamisha($makao)` ipewe `'Kisarawe'` (mfano tu, watu wa Kibaha wasishtuke), na ndani yake kuwe na `$this->$makao = $makao;`. Hakuna kilichohama. `var_dump` inaonyesha `makao` bado ni Kibaha, na pembeni kimezuka kibadilika kipya kiitwacho `Kisarawe`, chenye thamani Kisarawe. Matoleo ya kabla ya 8.2 yananyamaza kimya. Hilo la Desemba 2022 linaonya kwamba desturi hiyo inaachwa, ila kwenye seva nyingi maonyo ya aina hiyo yamezimwa, na msimamizi anaendelea kuapa kwamba hifadhidata ndiyo mbovu.

La tatu halihitaji maneno mengi: `public $mwaka = date('Y');` hairuhusiwi. Mwito wa funksheni uhamie ndani ya `__construct`.