Redio ya jioni inapotaja mambo ambayo mzazi hayataji

Dungu la dada yangu liko upande wa Salale, kwenye delta ya Rufiji. Ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mashamba ya mpunga, sakafu ya fito, paa la makuti, na ngazi ambayo mgeni huipanda huku akisoma dua. Humo familia inakaa tangu mpunga unapochanua mpaka unapovunwa, ikiwinga ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku. Kwenye nguzo ya katikati kumefungwa redio ndogo kwa kamba. Antena yake ilikatika zamani, hivyo shemeji ameunganisha waya wa shaba mpaka kwenye paa.

Msimu uliopita nilikaa nao siku 4. Saa 12 jioni ndege wakishatua, watoto wanapanda juu, moshi wa kufukuza mbu unawashwa chini, na kipindi cha mazungumzo kinaanza. Jioni ya kwanza niliamua kuhesabu mada. Kwa muda wa saa 2 tulisikia bei ya korosho, kisha mwanamke aliyechukua mkopo wa "kausha damu" bila mumewe kujua, kisha daktari wa presha. Zikaja Simba na Yanga. Akapiga simu mzazi ambaye mtoto wake ana miaka 9 na bado anakojoa kitandani. Ikafuata mirathi na haki ya mke mdogo. Halafu, bila hata tangazo katikati, mtangazaji akaingia kwenye mada ya mwisho: binti akikaribia kuvunja ungo, mzazi aanze kuzungumza naye lini?

Kwenye korosho shemeji alitunyamazisha wote. Kwenye mkopo alicheka huku akimtazama dada kwa jicho la pembeni. Kwenye kukojoa kitandani, kijana wetu mdogo alijifunika shuka mpaka kichwani. Kwenye kuvunja ungo, mkono wa shemeji ulinyooka mpaka kwenye nguzo na sauti ikashuka ikawa kama ya mbu.

"Betri zinaisha," alisema.

Betri zile zilinunuliwa Nyamisati siku mbili kabla. Binti yake wa miaka 13 alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua kichwa.

Mkono ule niliujua. Ulikuwa mkono wa baba yangu.

Redio ya baba

Nimekulia Kibiti, wakati huo ingali ndani ya Wilaya ya Rufiji. Redio yetu ilikuwa National ya bendi tatu, na betri zake zikichoka zilianikwa juu ya bati zipate joto zisogeze siku mbili tatu. Kwa kuwa betri zilikuwa ghali, baba alikuwa na utaratibu: taarifa ya habari ya saa 2 usiku ya Radio Tanzania, matangazo ya vifo, kisha redio inazimwa. Matangazo ya vifo hayakuwa ya kukosa. Simu hazikuwepo, na ndugu wa Utete au Mbwera akifariki, huenda jina lake ungelisikia hewani kabla mjumbe hajafika kwa miguu au kwa mtumbwi.

Bibi yetu ndiye aliyekuwa akituambia kwamba redio haikuwa ya kusikiliza kimya kimya tangu zamani. Mwaka 1973 ilipita kampeni ya Mtu ni Afya. Familia yao, kama nyingi za bondeni, ilikuwa imehamishwa baada ya mafuriko ya mwaka 1968 ikapelekwa kwenye vijiji vipya vya nchi kavu, watu waliozoea kuishi mbalimbali wakajikuta uani kwa uani. Wakakaa vikundi chini ya mwembe na redio katikati. Kipindi kikiisha, kiongozi wa kikundi alifungua kitabu, akauliza maswali, na watu wakakubaliana kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2.

Bibi hakukumbuka hata neno moja la mtangazaji. Alichokumbuka ni ubishi uliofuata pale mwembeni: itakuwaje mkamwana atumie choo kimoja na baba mkwe? Wakabishana mpaka giza likaingia. Mwishowe nyumbani kwao vikachimbwa viwili.

Mwaka 1993 ukaja mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, saa 12 na nusu jioni. Waliokuwa wakubwa wakati ule watamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka akaamua kujitegemea. Mchezo ulihusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo Dodoma hawakurushiwa, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Moja ya mambo waliyoyaona ni kwamba mchezo ule uliwafanya mume na mke wazungumze wao kwa wao kuhusu uzazi. Yaani kazi kubwa ilifanyika redio ikiwa imeshazimwa.

Kwetu ilizimwa mapema mno. Mkwaju akikaribia nyumba ya mwanamke mwingine, mkono wa baba ulinyooka. Sisi watoto tulivuka ua kwenda kusikiliza kwa jirani, tukafika tayari ameshatoka. Kipande tulichokikosa tulijaziwa na wavulana wakubwa, na walikijaza watakavyo.

Pale nyumbani aliishi binti wa shangazi yangu, aliyeletwa kutoka delta ili asome. Mwaka 1996 alikuwa na miaka 14, darasa la sita. Asubuhi moja hakuvaa sare. Siku chache baadaye alipelekwa Nyamisati kupanda mashua ya kurudi kwao. Neno mimba halikutamkwa mbele yetu hata mara moja. Tuliambiwa anaumwa.

Jioni ya maneno mengi

Tangu redio binafsi zilipoanza mwaka 1994, jioni imebadilika. Zamani redio ilikuwa inatutangazia, siku hizi inaongea, inataniana na kupokea simu. Kipindi kilichokuza mtindo huo mijini ni Jahazi cha Clouds FM, ambacho siasa, biashara na utani vilikaa meza moja. Wawili kati ya waliokipa sauti, Ephraim Kibonde na Gardner Habash, wameshatangulia mbele ya haki, Kibonde mwaka 2019 na Gardner Aprili 2024. (Mtu wa delta akisikia jina hilo anatabasamu. Majahazi ya kwetu yalibeba boriti za mikoko mpaka Unguja na Uarabuni. Hili la redio linabeba kila kitu isipokuwa boriti.)

Sisemi kila kinachobebwa ni chema. Tangazo la dawa ya nguvu za kiume linawekwa saa 1 jioni, wakati watoto wanakula. Mtu anaitwa daktari kwa sababu tu ana chupa za mitishamba za kuuza. Na watangazaji wengine wanacheka pale ambapo msikilizaji mwenye shida alihitaji kusikilizwa. Mzazi anayenyoosha mkono kuzima hayo simlaumu.

Ila kuna jioni moja niliyozima mimi, na mpaka leo naijutia.

Ilikuwa mwaka 2017. Wasiosahau wanajua Kibiti ilikuwaje: viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na Aprili 13 askari polisi 8 wakauawa eneo la Mkengeni. Pikipiki zilipigwa marufuku kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Maduka yalifungwa jua likiwa bado juu. Hakukuwa na pa kwenda, na redio ikawa ndiyo baraza. Sasa kila jioni mada tulikuwa sisi. Watu wa mikoa ya mbali walipiga simu kutueleza Kibiti ni mahali gani na watu wake ni wa namna gani, nasi tumekaa Kibiti hiyo hiyo, tumefunga milango, tunawasikiliza.

Mwanangu alikuwa na miaka 7. Akaniuliza, "Mama, watu wasiojulikana ndio sisi?"

Nilizima. Nilimwambia alale. Baadaye nilikuja kujua kwamba swali lile alilipeleka shuleni, akajibiwa na watoto wenzake, na jibu alilopewa lilimfanya kwa miezi kadhaa amwogope mzee mmoja wa jirani ambaye hakuwa na kosa lolote. Kumjibu kwamba hapana, sisi si wao, na kwamba hata mama anaogopa, kungenichukua dakika moja.

Kimbunga hakina aibu

Nikilinganisha na mwaka 2024 ndipo napata mshangao. Aprili ile mto ulifurika, mashamba ya Rufiji na Kibiti yakaenda na maji, na dada na wanawe wakaja kujibanza kwetu mjini. Kila jioni vipindi vilibishania chanzo: ni mvua kubwa, au ni maji yaliyofunguliwa kutoka Bwawa la Nyerere? Wataalamu walieleza, wakulima wakapiga simu kuwapinga, na sebuleni kwangu nako ubishi ukaendelea. Maji hayajakauka vizuri, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kimbunga Hidaya. Kilitua Mafia tarehe 4 Mei, ng'ambo tu ya mlango wa delta.

Usiku ule watoto wote walikaa kwenye mkeka mmoja na hakuna mkono ulionyooka. Waliuliza kimbunga kinapewaje jina. Wakauliza kama nyumba ya bibi ina nguvu na kama samaki nao wanakimbia. Shemeji alijibu anachokijua, na alipofika mwisho wa anachokijua alisema, "Hilo sijui baba, tusikilize tena kesho." Yule yule wa betri zinaisha.

Kwa hiyo kuongea tunajua. Tunaona aibu tu, na aibu yetu ina mizizi. Pwani hii mwali hafundwi na mama yake. Ana somo wake, ana bibi, ana shangazi. Utaratibu huo si mbaya hata kidogo, kwa kuwa binti anapata mtu mzima wa kumuuliza bila kuvunja heshima ya nyumba. Tatizo ni saa. Somo anaitwa binti akishavunja ungo, au shule zikifungwa, wakati redio na simu zimeshafika miaka miwili kabla yake. Ikiwa mdomo wa mama ni mzito, basi somo aitwe mapema na aambiwe mtoto ameshasikia nini. Na redio ikitaja jambo mkiwa mmekaa wote, si lazima liamuliwe pale mbele ya baba. Inatosha kusema hili tutaliongea, kisha kweli mliongee, usiku huo huo au kesho yake njiani mkienda kuteka maji. Ukisema tutaliongea ukanyamaza wiki nzima, ni afadhali ungezima.

Kule dungu ilikuwa hivyo. Asubuhi tulikwenda na binti wa dada kuchota maji, na tulipofika kwenye miti akaniuliza, "Mama mdogo, kwani yule mtangazaji jana alikuwa anataka kusema nini?" Nikamwambia. Hakushtuka, nusu alikuwa anaijua, na robo ya nusu hiyo alikuwa anaijua vibaya. Usiku nilimweleza dada. Kwanza alinuna. Kisha akanishika mkono, akataka nimsimulie neno kwa neno nilivyosema, na akanirudisha nyuma mara mbili ili asikie vizuri.

Yule binti wa shangazi yangu yuko Nyamisati mpaka leo, anakaanga samaki karibu na wanapopandia boti za Mafia. Ana redio mezani, imepakaa mafuta, haizimwi kutwa. Novemba 24, mwaka 2021, nilikuwa nimepita kwake nikisubiri usafiri wa kurudi Kibiti. Mchana ule Waziri wa Elimu alikuwa ametangaza Dodoma kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wataruhusiwa kurudi shuleni, na jioni redio nzima ilikuwa hiyo. Simu zilipigwa, za kuunga mkono na za kulaani. Yeye alikuwa na miaka 39. Aliacha karai kwenye moto, akafuta mikono kwenye khanga, akasogea mpaka sikio likakaribia kugusa spika.

"Wanasema ni wa kuanzia mwaka gani?" aliniuliza.

Nilidhani anatania, nikacheka. Nilipomtazama nikaona hatanii. Mtangazaji alikuwa ameshawashukuru waliopiga simu na ameanza kusoma kikosi cha Yanga.

Akanyoosha mkono akapunguza sauti. Alisema kuna kitu anataka kuniuliza, cha siku nyingi.