SUPU YA PAKITI AU SUPU YA SUFURIA?



Mtu akitoka hospitali, majirani huuliza swali moja: "Amekunywa supu?" Mama akijifungua, supu. Mtoto akikataa ugali, supu. Tumelelewa tukijua kwamba supu hurudisha nguvu mwilini.

Siku hizi hata duka dogo la kijijini lina pakiti za supu kavu. Unakata pakiti, unamimina kwa maji, unakoroga, na dakika chache baadaye nyumba inanukia kuku. Kwa mama aliyetoka shambani amechoka, na kuni ni za shida, huo ni msaada mkubwa. Hatumlaumu. Lakini hebu tuulize pamoja: je, supu hiyo inafanya ile kazi tunayofikiri inafanya?

Ndani ya pakiti kuna nini?

Leteni pakiti moja katika mkutano wenu. Mmoja asome kwa sauti orodha ya vitu vilivyomo. Orodha hiyo hufuata uzito: kilicho kingi zaidi huandikwa kwanza, kilicho kidogo huandikwa mwisho. Mara nyingi mtakuta wanga wa mahindi au unga wa ngano juu kabisa, halafu chumvi, sukari, mafuta na vitu vya kuongeza ladha. Kuku au mboga, ambazo picha yake imejaa pakiti nzima, huwa karibu na mwisho.

Kisha mwageni unga huo kwenye sahani nyeupe. Tengeni vipande vya mboga kando. Je, vinajaa kijiko kimoja?

Ule wanga ndio unaofanya supu ionekane nzito. Jicho linaona chakula, lakini mwili unapata protini kidogo sana. Na protini ndiyo inayojenga mwili wa mtoto na kumwinua mgonjwa.

Wengine husema kile kiungo cha ladha kinachoitwa monosodiamu glutameti ni sumu. Tusitishane bure. Kwa kiasi kinachotiwa katika chakula, wataalamu hawakihesabu kuwa sumu. Jambo la kuangalia zaidi ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha vyakula vyote. Pakiti nyingine hazitaji chumvi, hutaja sodiamu. Zidisha sodiamu kwa mbili na nusu ndipo upate chumvi. Ikiwa bakuli moja lina miligramu 800 za sodiamu, hiyo ni gramu 2 za chumvi, na bado hujala ugali na mboga. Mwenye ugonjwa wa presha ajihadhari sana. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka hahitaji kutiliwa chumvi kabisa.

Sufuria nayo hudanganya

Tuseme ukweli wote. Supu ya nyumbani nayo inaweza kuwa maji matupu. Tunachemsha mifupa saa nyingi, halafu tunafikiri nguvu yote imeingia kwenye maji. Sivyo. Protini nyingi hubaki kwenye nyama yenyewe. Na katika nyumba zetu mnajua jinsi tunavyogawa: baba anapata finyango, mtoto anapata mchuzi wa kulainisha ugali. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa maji, chakula kitaingia wapi? Mtoto anashiba lakini hakui, na mama anashangaa kliniki wakimwambia uzito umeshuka.

Kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, chakula kiwe kizito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Ponda maharagwe. Katakata nyama iwe laini kabisa, umpe nyama yenyewe pamoja na mchuzi.

Supu ya ndengu ya watu sita

Vinavyohitajika: vikombe 2 vya ndengu, kitunguu 1, nyanya 2, karoti 1, viazi 2, fungu la majani ya kunde au terere, vijiko 2 vikubwa vya mafuta, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ukipata omena, tia kikombe kimoja, zilizooshwa vizuri.

1. Loweka ndengu usiku kucha. Zitaiva upesi na utaokoa kuni. Mwaga maji hayo.
2. Chemsha kwa maji mapya mpaka zilainike.
3. Kaanga kitunguu, tia omena na nyanya.
4. Changanya na ndengu, viazi na karoti. Acha viive.
5. Tia majani yaliyokatwa dakika tano za mwisho, ili vitamini zisipotee.
6. Kamulia limau au ndimu wakati wa kula. Husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika ndengu.

Kama tayari una pakiti nyumbani, usiitupe. Itumie kama kiungo: tia nusu yake ndani ya sufuria hii, na usiongeze chumvi nyingine.

Je, tunaweza kuwa na pakiti yetu?

Ndiyo. Supu ya unga si wazo baya. Julius Maggi wa Uswisi alianza kuuza supu za unga wa njegere na maharagwe mwaka 1886, kwa familia za wafanyakazi wa viwanda waliokosa muda wa kupika. Basi hata sisi tunaweza kufanya hivyo.

Osheni ndengu, zianikeni zikauke kabisa, zikaangeni bila mafuta mpaka zinukie, kisha mzipeleke kwa mashine ya kusaga. Majani ya kunde yatumbukizeni katika maji yanayochemka kwa dakika mbili, myatandaze kwenye chekeche safi kivulini penye upepo, mfunike kwa neti. Jua kali huharibu vitamini A. Yakishakauka mpaka yavunjike mkononi, changanyeni na unga, mtie katika mikebe inayofunga vizuri. Wakati wa kupika, koroga unga kwa maji baridi kwanza, halafu chemsha kwa dakika ishirini.

Onyo: kitu chochote chenye kuvu, tupa. Mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu iliyokuwa katika mahindi. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Na mkitaka kuuza unga wenu, nendeni kwanza kwa afisa wa afya na ofisi ya KEBS.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Bei ya pakiti moja inaweza kununua ndengu kiasi gani sokoni kwetu?
2. Katika nyumba zetu, nani hupata finyango na nani hupata mchuzi?
3. Tumeuza nini mwezi huu ili tununue vitu vya dukani?

Swali la mwisho ni zito. Wengi wetu tunapeleka ndengu na mayai sokoni, halafu tunarudi na pakiti yenye picha ya kuku. Katika Mwanzo sura ya 25 tunasoma jinsi Esau alivyouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli moja la dengu. Tunamcheka Esau. Lakini yeye angalau alipata dengu zenyewe.