Mapenzi, Hiari na Huzuni katika Adili na Nduguze

Adili na Nduguze (1952) ni riwaya ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga (1909), aliyewahi kuwa karani wa forodha Pangani. Kisa chake kina asili katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu waovu hugeuzwa mbwa. Humu wanageuzwa manyani. Kwa wivu, Hasidi na Mwivu wanamtosa Adili baharini. Huria, jini aliyepata kuokolewa na Adili, anawageuza manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Adili anawachapa huku akilia, kisha anawabembeleza.

Hapa ndipo lilipo fumbo la riwaya. Unyani unadhihirisha kile ambacho husuda ilikwisha kukifanya moyoni. Aidha, nduguze walikosa kwa hiari, ilhali Adili anaadhibu kwa amri. Machozi ndiyo sehemu pekee ya adhabu iliyobaki katika hiari yake. Majina ya wahusika huelekea kuwafunga katika wema au ubaya, lakini Hasidi na Mwivu hatimaye wanarejea katika ubinadamu. Kwa hiyo, mapenzi ya ndugu hayafuti kosa. Huuacha wazi mlango wa toba.