Muhugu Chini ya Polishi Nyekundu

Katika mitaa ya Kilimani, Kileleshwa na Lavington jijini Nairobi, bado zimesalia nyumba za zamani ambazo hazijapisha maghorofa. Inua kona ya zulia sebuleni na mara nyingi utakuta vipande vidogo vya mbao, vimepangwa vikipishana kama ukili wa mkeka. Juu yake kuna ganda la polishi ya miaka mingi, limegeuka jeusi njiani watu wanapopita na jekundu kwenye pembe. Mwenye nyumba hutazama, akaona uchakavu, akaagiza vigae. Lakini kilichochakaa ni ganda lenyewe, na unene wake haufiki milimita moja. Mbao iliyo chini yake ni nzima, tena ni mbao ambayo leo hataipata kirahisi dukani.

Mbao nyingi za sakafu hizi hazikutoka mbali. Muhugu huota katika misitu mikavu ya Karura na Ngong, na pwani katika Arabuko-Sokoke. Ni mti mzito na mgumu, kiasi kwamba mbao zake zilisafirishwa ng'ambo kutandikwa katika sakafu za viwanda na maghala. Wachonga vinyago wa Kikamba wanaujua vyema. Una mafuta yanayonukia kama msandali, na msasa ukiugusa baada ya nusu karne, chumba kizima hunukia upya. Upande wa Tanzania, maseremala huzungumza zaidi juu ya mninga, mvule na mkongo. Mninga una sifa ya kutulia: haunywei wala kuvimba sana hewa inapobadilika, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mbao ya sakafu. Miti hii hukua polepole mno. Mwezi Novemba 2022, mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama uliziingiza aina za Kiafrika za jamii ya mninga na mkongo katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Kung'oa sakafu ya mninga na kuitupa ni hasara ambayo mnunuzi wa vigae haioni kwenye risiti.

Je, mtu asiye fundi anaweza kuifanya kazi hii mwenyewe? Anaweza, chumba kimoja kwa wakati, iwapo atakubali kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla mashine haijawashwa.

Kwanza apime unene. Ang'oe kipande kimoja kilicholegea, au atazame ukingo wa sakafu mlangoni. Vipande vidogo vya mpangilio wa mkeka kwa kawaida vina milimita 8 hadi 10, na mbao ndefu hukaribia 20. Kupiga msasa mara moja, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, hula karibu nusu milimita hadi milimita nzima. Sakafu iliyokwisha kupigwa msasa mara kadhaa huenda imebaki nyembamba, na hiyo iachwe, isafishwe na kupakwa nta tu. Kisha apite akigonga kila mahali kwa mpini wa nyundo. Panapolia wazi, kipande kimeachana na saruji. Kitolewe, lami kuukuu iliyokuwa imekishika ikwanguliwe kwa patasi, kirudishwe kwa gundi ya sakafu. Bisibisi ikizama kwenye mbao bila kutumia nguvu, tatizo ni mchwa au maji, na hilo litibiwe kwanza. Na chumba kikiwa na rangi ya zamani sana sakafuni, au vigae vya plastiki vya miaka mingi vilivyobandikwa juu ya mbao, msasa usiguse kitu hadi mtaalamu aangalie, kwa sababu rangi za kale huweza kuwa na madini ya risasi na vigae hivyo huweza kuwa na asbesto.

Adui mkubwa katika nyumba zetu ni polishi ya nta. Vizazi vya wasafishaji vimeipaka kila Jumamosi, na nta imeingia hadi kwenye nyufa. Vanishi haishiki juu ya nta. Itakauka, itang'aa wiki mbili, kisha itabanduka kama ngozi ya nyoka. Ukiiendea nta kwa mashine, joto huiyeyusha na karatasi ya msasa huziba papo hapo. Njia ni kuchukua tapentaini au thina, pamba ya chuma na vitambaa vingi, na kusugua kwa magoti, vipande vichache kwa zamu, ukifuta kabla ya kukauka. Madirisha yawe wazi, na pasiwe na jiko wala sigara karibu. Kazi hii inachosha kuliko zote, na ndiyo inayoamua matokeo.

Madoa meusi chini ya vyungu vya maua ni jambo jingine. Mbao ngumu nyingi zina tanini, na tanini ikikutana na chuma na maji hutoa weusi ule ule wa wino. Msasa pekee hauutoi, kwa sababu umezama. Asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa katika maji ya moto huung'oa, lakini ni sumu: glavu na miwani ni lazima, na mahali pasuuzwe vizuri na kuachwa pakauke kabisa, maana vumbi la asidi hiyo halifai kuvutwa puani.

Ndipo ije mashine ya kukodi, ile kubwa ya kusukuma. Huanza na msasa namba 40, halafu 60, 80, na kumalizia 100 au 120. Kuruka namba ni kujidanganya: mikwaruzo ya namba 40 haifutwi na 120, na haionekani hadi vanishi ipakwe. Mashine isisimame hata kidogo ngoma yake ikiwa inazunguka, maana sekunde chache zatosha kuchimba shimo. Kwa kuwa vipande vya mkeka vinaelekea huku na kule, hakuna kufuata nyuzi za mbao. Mzunguko wa kwanza hupigwa mshazari, wa pili mshazari wa upande mwingine, na wa mwisho hufuata mwanga wa dirishani. Mafundi wengi wa mitaani hutumia grainda yenye kisahani cha msasa. Ni ya haraka, lakini huacha alama kama mwezi mwandamo sakafu nzima, na mwenye nyumba ana haki ya kuikataa.

Barakoa nzuri isikosekane. Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na la mvule hujulikana kwa kuwasha ngozi na kuchokoza pumu. Mvule una ukaidi mwingine: mafuta yake huchelewesha vanishi kukauka, hivyo hufutwa kwa spiriti kabla ya mkono wa kwanza wa vanishi. Unga mwembamba uliobaki usitupwe wote. Ukichanganywa na gundi ya mbao hujaza nyufa kwa rangi inayokaribiana na sakafu yenyewe.

Vanishi ya polyurethane hupakwa mikono mitatu, kuanzia ukuta wa mbali kurudi mlangoni. Kopo likorogwe taratibu, lisitikiswe, kwani mapovu hukaukia sakafuni. Ya mafuta hukauka kwa usiku mmoja au zaidi na huipa mninga joto la asali. Ya maji hukauka kwa saa chache na haina harufu kali. Kati ya mkono na mkono, msasa namba 220 upite kidogo na vumbi lifutwe. Msimu wa masika haufai. Samani zirudi baada ya siku kadhaa, na zulia lisubiri hadi mwezi.

Jambo moja lisisahaulike jioni ya kazi. Vitambaa vyenye vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani havikunjwi wala kurundikwa, kwa sababu mafuta yanapokauka hutoa joto, na rundo huweza kuwaka lenyewe usiku. Vitandazwe nje kimoja kimoja, au vitiwe kwenye ndoo ya maji.

Na aliyeamua hata hivyo kuweka vigae, asivifanye vipande hivyo kuni. Avikwangue lami, avipange kwenye magunia na kuwauzia wafanyabiashara wa vifaa vya nyumba zilizobomolewa. Kuna mtu mtaa wa pili anayetafuta vipande 20 vya muhugu kuziba pengo sebuleni kwake.