Kilo ya serizi na kilo ya parche: kuongea na watu wakati shirika linabadilika

Wengi wetu tukisikia "mawasiliano ndani ya shirika" tunafikiria tangazo ubaoni, lenye muhuri na sahihi ya katibu. Wakubwa wamekwisha kuamua, sasa wanahabarisha watu. Mimi ni agronomu, sikusoma usimamizi. Lakini kazi ya vijijini huku Kivu imenionyesha kwamba mabadiliko mengi hayafi juu ya kukosa matangazo. Yanakufa juu mtu hakupata jibu la ulizo moja: na mimi, sehemu yangu inakuwa nini?

Mfano ninaoujua vizuri ni wa kahawa. Zamani, kando ya ziwa Kivu, kila nyumba ilifanya kazi yote yenyewe: kuchuma, kumenya kwa jiwe ao kwa mashini ndogo ya mkono, kuchachusha, kuosha, kuanika, kisha kuuza parche, yaani mbegu kavu ikiwa bado na ganda lake jepesi. Parche nyingi ilivuka usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na kuna wakulima waliozama ziwani. Ndipo koperative, kama SOPACDI iliyoanza mwaka 2003 upande wa Kalehe, zikaleta stasio za kuosha kahawa. Mkulima analeta serizi, tunda lililoiva, siku ile ile ya kuchuma, na kazi inayobaki inafanyika pale kwa pamoja. Kahawa yote inatoka na ubora mmoja, na mnunuzi wa ng'ambo anaongeza bei.

Kwenye karatasi hilo ni jambo la kiufundi tu. Kumbe shirika zima linageuka: nani anashika kahawa, nani anaandika kilo, nani anapokea makuta, na siku gani.

Koperative moja niliyoifuata kwa karibu (jina lake naliacha) ilitangaza badiliko hilo kwa njia ya kawaida. Barua kwa viongozi wa vikundi, tangazo kisha misa, mkutano mmoja ambamo komite iliongea masaa mawili. Bei ikaandikwa kwenye kipande cha kartoni mbele ya stasio. Haikupita muda mrefu, kilima chote kilikuwa kinasema: komite wanatuibia.

Tuchukue bei za mfano tu. Stasio inalipa franka 800 kwa kilo ya serizi, na mchuuzi anatoa 3.500 kwa kilo ya parche. Mkulima anaona 800, anaona 3.500. Nani hatakasirika? Lakini inaomba karibu kilo 5 za serizi kwa kupata kilo 1 ya parche kavu. 800 mara 5 ni 4.000, na kazi ya kumenya, kuosha na kuanika imeondoka mgongoni mwako. Watu wa komite waliijua hesabu hiyo sana mpaka hawakuona tena kama inafaa kusemwa. Katika raporti wakaandika "ukaidi wa wakulima". Neno hilo silipendi. Wale wakulima walipiga hesabu yao sawasawa, ni namba moja tu ilikosekana.

Iliyosaidia si tangazo la pili. Ni mama mmoja aliyesimama akasema: "Agronomu, munasema kilo tano njo zinazaa moja? Basi tupime." Wakapima kilo 10 za serizi zake mwenyewe, jirani yake akazimenya na kuzianika kwa namna ya zamani. Zilipokauka zikarudi kwenye mizani mbele ya watu wote: kilo 2 na kidogo. Foleni ya stasio ikarudi. Si yote, lakini ikarudi.

John Kotter, mwalimu wa Harvard, aliandika mwaka 1995 juu ya makosa 8 yanayoangusha mabadiliko ndani ya mashirika. Moja ni kwamba viongozi wanaeleza nia yao kidogo sana, mara 10 chini ya inavyohitajika. Namkubali nusu. Lile tangazo la kisha misa ungelirudia mara 10, ungepata kelele mara 10. Kilichokosekana ni njia ya neno kurudi kutoka chini kwenda juu.

Na neno likirudi, linaleta mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria. Kitabu cha wanamemba kilijaa majina ya wababa. Lakini kazi ya kahawa, sehemu kubwa inafanywa na wamama. Parche inaweza kukaa nyumbani ndani ya gunia. Mtoto akigonjwa ao minervali ikiombwa, mama anatoa kilo mbili, anauza. Serizi haingoji, inapelekwa siku ile ile, na makuta yanapokelewa na mwenye jina kwenye karti. Kwa wamama, stasio ilikuwa inawaondolea akiba. Nani angewaambia komite, wakati wamama hawakuitwa mkutanoni? Walipoitwa, ilisemwa wazi, na majina mawili yakaanza kuandikwa kwenye karti moja.

Ninyi wanafunzi mumeona kitu cha namna hii. Mwaka wa masomo 2021-2022, mfumo wa LMD ulipoenezwa katika vyuo vyetu vyote, neno "lisansi" liligeuka maana: zamani ni miaka 5 kwa jumla, sasa ni 3. Matangazo yalikuwepo. Lakini kijana aliyekuwa katikati alitaka kujua kitu kimoja: diploma yangu, mwajiri ataisoma namna gani?

Basi ukiajiriwa mahali panapobadilika, mbele ya kuandika tangazo lolote, tafuta watu wanalinganisha nini na nini. Angalia pia anayefanya kazi yenyewe, juu mara nyingi si yule aliye kwenye listi. Na habari mbaya isemwe mapema. Koperative yetu inaahidi nyongeza kisha kahawa kuuzwa ng'ambo. Mauzo yakichelewa na komite ikanyamaza, mchuuzi anakuja kueleza kwa niaba yake, na hataeleza kwa uzuri.

Siku hizi, kila Ijumaa, wanabandika kwenye stasio kilo zilizoingia, bei, na jina la mtu wa kuulizwa. Tarehe ya nyongeza ya msimu huu bado haijaandikwa. Kila Ijumaa watu wanaiuliza.